Pumzi kwenye mbuzi ya nazi

Dada uliyeuliza utafanyaje yoga nawe unashinda kaunta ya duka Darajani mjini Zanzibar, kichwa kinagonga na hasira ziko karibu: mie ni mpishi wa hoteli Jambiani, na huo mkeka wa yoga wenyewe sinao.

Darasa la yoga niliingia kwa bahati. Kundi la wageni lilibakisha nafasi moja, mwalimu akaniita na aproni yangu. Akatugawia zabibu kavu mojamoja, tuitazame, tuinuse, tuitafune polepole. Zoezi hilo, alisema, limo katika mafunzo ya wiki nane, ya kuiweka akili kwenye unachokifanya, aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 hospitalini Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Nikacheka kimoyomoyo. Zabibu mie nazitia kwenye biriani kwa kiganja.

Wiki ileile nikajikata kidole kwenye mbuzi ya nazi. Niko juu ya mbuzi, nazi ya saba au ya nane, mikono inakuna, akili iko kwenye upatu: zamu yangu imesogezwa mbele na hela nimeshaipangia. Nazi ikateleza, meno ya mbuzi yakanidaka dole gumba. Sinia zima likamwagwa kwa sababu ya damu. Hapo ile zabibu ikaniingia.

Siku hizi nikikaa kwenye mbuzi nanyoosha mgongo, nashusha mabega, na kila nikiizungusha nazi natoa pumzi. Halafu nasikiliza. Nyama nyeupe hukunika laini, karibu na kifuu sauti inakwaruza na weusi unaanza kutoka. Mwenye akili iliyokwenda matembezi hasikii, tui lake linatoka na rangi ya vumbi. Akili yangu nayo huondoka, tena sana. Nikiigundua imeondoka, nairudisha kwenye sauti. Zoezi zima ndilo hilo. Kutowaza kabisa sijakuweza hata siku moja.

Nilipokosea ni kutaka kila kitu kiwe hivyo: kufagia, kuosha masufuria, mpaka ndani ya daladala. Siku tatu tu nikachoka. Shika kimoja. Kwako wewe ningechagua droo ya pesa. Kila ukiifunga, toa pumzi mpaka iishe ndipo umwinulie uso mteja anayefuata, hata kama kashika noti ya elfu kumi na anataka kiberiti. Vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa 6. Moyo hupunguza mwendo pumzi inapotoka na huongeza inapoingia, ndiyo maana kutoa kunarefushwa. Na simamia miguu yote miwili, magoti usiyakaze; mie kiuno kiliniuma miaka kwa kuegemea mguu mmoja jikoni.

Umesema mumeo anauliza kama hii si dini ya watu. Tusidanganyane, yoga imetoka India na mizizi ya ibada inayo. Wakiimba "Om", neno lao la ibada, mie nanyamaza. Nimechukua pumzi na kunyoosha viungo, basi. Khushuu, ule utulivu wa moyo kwenye sala, ina kazi yake peke yake, na mara ngapi nimesimama kwenye sala huku napanga chakula cha usiku cha wageni!

Kule kubana pumzi unakokuona kwenye video achana nako, khasa kama una presha au mimba.