Kompaila ya kifaa chenyewe au kompaila mtambuka kwa Raspberry Pi Zero

Ndugu, umeuliza kama programu yako ya C++, inayokusanya vipimo vya joto na kuvihifadhi kwa SQLite (hifadhidata ndogo), uijenge ndani ya Raspberry Pi Zero (kompyuta ndogo sana ya bodi moja yenye prosesa ya ARM) yenyewe au kwenye kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel. Nimetumia njia zote mbili, na ninakushauri uanze na kifaa chenyewe, kisha uhamie kompaila mtambuka (kompaila ni programu inayogeuza msimbo kuwa amri za prosesa; mtambuka hufanya kazi kwenye kompyuta moja na kujenga programu ya kompyuta ya aina nyingine) pale tu kumbukumbu au muda unapokukwamisha.

Kukwama huko kupo kweli, kwani Pi Zero ina kiini kimoja na RAM ya MB 512, hivyo faili moja zito la C++ laweza kuimaliza kumbukumbu yote hadi mfumo ukaiua kompaila kazi ikiwa katikati.

Hata hivyo, watu wengi hudhani kwamba kompaila mtambuka ni suala la kusakinisha pakiti moja tu. Kompaila ya armhf (jina la pakiti za ARM) katika Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, hulenga ARMv7, ilhali Pi Zero ya kwanza ni ARMv6, kizazi cha zamani zaidi cha prosesa za ARM. Programu hujengeka bila lalamiko lolote, lakini ukiiendesha kwenye kifaa huanguka mara moja kwa sababu prosesa haizitambui amri ilizopewa. Kuiongezea kompaila chaguo la -march=armv6 peke yake hakutoshi, maana faili za kuanzishia programu zinazounganishwa humo zilikwisha kujengwa kwa ARMv7. Unahitaji kompaila iliyoundwa kwa ARMv6, kwa mfano kwa kutumia crosstool-NG (zana ya kujijengea kompaila mtambuka), pamoja na nakala ya maktaba za kifaa chako utakayoionyesha kompaila kwa chaguo la --sysroot, kwa kuwa programu iliyounganishwa na glibc (maktaba ya msingi ya C) mpya kuliko ile ya kifaa mara nyingi hukataa kabisa kuanza.

Kwa njia yoyote utakayochagua, majaribio yafanyie kwenye kifaa. Katika Linux ya ARM, aina ya data ya char, inayohifadhi herufi moja, haibebi namba hasi, tofauti na kwenye Intel; kwa hiyo kitanzi kinachohifadhi jibu la getchar (kazi inayosoma herufi moja) ndani ya char na kusubiri EOF, alama ya mwisho wa data ambayo ni namba hasi, hakitakoma kamwe, ingawa kwenye kompyuta ya mezani kilifanya kazi vizuri. Hitilafu za namna hii huumiza sana, nami ningependa uziepuke mapema.

SQLite usiikompaili, isakinishe ikiwa tayari kutoka hazina ya pakiti za mfumo, na kitakachobaki kujengwa ni msimbo wako mwenyewe, ambao Pi Zero inaumudu.