Mkuu, usifunge huo mkanda mpya kabla hujaanza kutumia L

Mkuu, huo mkanda mpya, ule unaopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, uache kwenye boksi lake kwanza. Soma hapa mpaka mwisho ndipo ushike spana.

Umeuliza mambo manne: mkanda wa chapa gani unadumu kwenye Ranger XP 1000, hicho kigari cha shamba cha Polaris, ubadilishwe kila baada ya muda gani, springi ya klachi ibadilishwe au iachwe, na tairi kubwa zina madhara gani. Maswali mazuri. Ila katikati umeandika, tena kama jambo la kupita tu, kwamba gari linavuta trela la maji lenye tangi la lita 1,000 kutoka mtoni kupanda shambani, na kwamba unatumia H (gia ya mwendo mkubwa) muda wote kwa kuwa L (gia ya nguvu, mwendo mdogo) inanguruma na kula mafuta. Mikanda yako inafia hapo. Ukifunga mpya ukaendelea na H, utarudi hapa jukwaani kabla mahindi hayajabeba.

Nimeua mikanda mitatu kwa kosa hilohilo, na wa tatu uliondoka na sili ya giaboksi, ule mpira unaozuia oili isivuje. Aliyeniuzia gari ndiye aliyeniambia L ni ya kutokea kwenye shimo tu. Mtu anauza mashine hizi kila siku, mikanda ya kuuza imejaa kabatini nyuma yake, halafu anamdanganya mteja jambo ambalo kitabu cha gari kimelieleza! Hasira zangu naye hazijaisha. Fungua kitabu chako cha Polaris sehemu ya mkanda: kutembea mwendo wa kilomita 5 hadi 11 kwa saa kwa mzunguko mdogo wa injini kumetajwa miongoni mwa sababu za mkanda kufa, na dawa iliyoandikwa ni kuongeza mwendo au kutumia L mara nyingi zaidi. Kuvuta na kusukuma mzigo nako wameandika L.

Sababu yake ni hii. Kuna puli mbili, ya injini na ya giaboksi. Ndani ya puli ya injini kuna vyuma vya uzito. Injini ikizunguka vinarushwa nje, na vikirushwa vinasukuma shavu la puli libane mkanda. Nguvu ya kubana inapanda haraka kuliko mzunguko wenyewe: injini ikitoka mizunguko 2,000 kwa dakika ikafika 4,000, vile vyuma vinasukuma mara nne, si mara mbili. Sasa wewe uko H, trela limejaa, unapanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea. Injini inazunguka taratibu, shavu limebana nusunusu, mzigo ule wote unaning'inia kwenye mkanda. Puli inazunguka, mkanda unateleza katikati yake. Kuteleza huko ni moto. Kwa nje husikii kitu, gari linapanda vizuri tu, na unaona umeokoa mafuta.

Weka L kwa mwendo uleule. Injini inazunguka zaidi, kwa hiyo shavu linabana sawasawa. Halafu giaboksi ndiyo inayoongeza nguvu ya kuvuta, kwa hiyo mvuto unaoupitia mkanda unapungua. Umefaidika mara mbili kwa kusogeza mkono mmoja. Ile ngurumo unayoichukia ni injini inafanya kazi mahali pake. Haiumii.

Kanuni yangu ni hii, ibandike kwenye dashibodi ukitaka: trela likiwa nyuma, L. Mlima, tope, mchanga, kupandisha gari kwenye lori, kupita juu ya gogo au jiwe, L. Mwendo ukiwa chini ya kilomita 15 kwa saa kwa zaidi ya dakika chache, L hata kama huna mzigo. Kilomita 15 ni kipimo changu, kitabu kinaanzia chini ya hapo, lakini kwa milima ya Karatu sitaki kubahatisha. H ni ya barabara tambarare, gari jepesi, mwendo unaeleweka.

Namna ya kuingiza: simamisha gari kabisa, mguu kwenye breki, injini ikiwa sailensi (inawaka bila kukanyagwa mafuta), ndipo usogeze gia. Ukisogeza huku gari linatembea utavunja meno ya gia, na hiyo ni bili nyingine. Ukianza kuondoka usikanyage mafuta kwa kunyatia. Wengi wanadhani kunyatia ndiko kuutunza mkanda, kumbe unauchoma. Kanyaga kwa uhakika, puli ishike mara moja, gari likishaondoka ndipo upunguze.

Kosa la pili, na nina uhakika unalifanya maana mlima ule una foleni ya ng'ombe: kulishikilia gari mlimani kwa mafuta badala ya breki. Gari halirudi nyuma wala haliendi mbele, mkanda umesimama, puli ya injini inazunguka na kuusugua mahali palepale. Sekunde chache zinatosha kula kipande kimoja cha ubavu. Ukikwama kwenye tope tairi zikagoma kuzunguka ni vilevile. Acha mafuta, chimba, vuta kwa winchi.

Chukua sasa hivi huo mkanda uliotoka, kama haujachanikachanika. Pitisha kidole gumba na cha shahada kwenye mbavu zake mbili, taratibu, mzunguko mzima. Ukifika mahali vidole vinakaribiana, pamebonyea na panang'aa kama soli iliyokanyaga lami ya moto, hapo ndipo uliposhikilia gari kwa mafuta. Ndiyo maana lilikuwa linadunda kila likianza kuondoka. Mbavu zote zikiwa laini na zinang'aa mzunguko mzima, hiyo ni H na trela. Nyuzi zikiwa zimechomoza pembeni kama kiroba kilichofumuka, kagua kama puli zako zimekaa mstari mmoja.

Kama ulikatika vipandevipande, hapo ndipo pa kuwa makini kuliko pote, maana hapo ndipo pesa zangu zilipopotelea. Ndani ya mkanda kuna nyuzi ngumu za aramidi. Ukikatika, zile nyuzi zinajizungusha kwenye shafti nyuma ya puli kama uzi kwenye pia. Ukifungua kava ukatoa mabaki yanayoonekana tu, ukafunga mkanda mpya, zile za nyuma zinaendelea kuila sili. Sili ikiisha, oili inavuja kwenye puli, mkanda mpya unateleza, unaungua. Unalaumu chapa ya mkanda, unanunua ya bei zaidi, nayo inaungua.

Kwa hiyo toa kava lote. Mulika tochi nyuma ya puli zote mbili. Ukiona hata uzi mmoja, puli ivuliwe kwa kifaa chake cha kuvulia, isichokolewe na bisibisi, shavu likipata kovu litakuwa linakwangua mkanda kila mzunguko. Chomoa mabomba ya hewa, la kuingizia na la kutolea, uyatikise, vipande vya mpira hujificha kwenye kona na kuziba upepo wa kupoza. Nyuso za puli zipitishie msasa laini kuondoa mpira uliogandia, kisha zifute kwa dawa ya kusafishia breki na kitambaa safi mpaka kitambaa kisitoke cheusi. Usipake grisi wala mafuta yoyote hapo. Fundi akikuambia "kidogo tu ili ilainike", mwondoe kwenye gari lako.

Mkanda mpya ufunge maandishi yakielekea kule yalikoelekea ya ule wa zamani. Kilomita 50 za kwanza usivute trela kabisa, na usikanyage fulu. Badilishabadilisha mwendo, mpira ukae kwenye puli.

Baada ya safari nzito usizime papo hapo. Weka N (gia huru), piga resi za wastani dakika mbili, puli zinavuta upepo na kujipoza. Maji yakiingia kwenye kava ni hivyohivyo: N, pandisha na kushusha resi mara kadhaa mpaka yatoke, fulu isizidi sekunde 10.

Na hilo tangi! XP 1000 imeandikiwa kuvuta kilo 1,134, na hiyo ni pamoja na trela lenyewe. Maji lita 1,000 ni kilo 1,000 tayari, bado chuma cha trela na tangi. Umeshapitiliza kabla hujaanza kupanda. Jaza lita 600, nenda mara mbili, ukiwa L.

Chapa? Nunua wa mtengenezaji kwa namba ya kipuri iliyo kwenye kitabu chako, basi. Kabla ya kuufunga, weka hapa picha mbili: ubavu wa mkanda wa zamani, na nyuma ya puli ya giaboksi ikiwa imemulikwa tochi.