Shamari: kata vichwa kabla mbegu hazijapukutika

Mkuu, hapo hapo simama. Umesema shamari yako (fennel, mmea wa kiungo wenye mbegu za kunukia) imeshachanua na unaiacha idondoshe mbegu yenyewe kando ya tuta la nyanya, ili msimu ujao usihangaike kupanda. Utahangaika, tena zaidi. Utahangaika kung'oa.

Maneno hayo ndiyo niliyoambiwa na muuza miche. Alisema shamari haina kazi, ukipanda mara moja umemaliza. Nikaiamini kauli yake, nikaiacha ikomae. Ikarefuka ikanipita kimo, mbegu zikakauka juu kwa juu, upepo ukazipukutisha. Mvua zilipoanza, miche ikachomoza tutani, njiani, kwenye nyufa za sakafu, hadi ndani ya ndoo ya mnanaa, na mnanaa wenyewe mnajua ulivyo mbabe! Kufyeka hakusaidii. Mzizi wake mkuu ni mnene na unazama chini kama karoti; ukikata juu, shina linachipua upya. Ukiuvuta bila kuchimba, unabaki na majani mkononi. Kule California na Australia shamari ilishatoka bustanini ikawa gugu vamizi. Mtu anayeishi kwa kuuza miche hapaswi kunyamazia jambo kama hilo. Mpaka leo nikikumbuka uso wake napandwa na hasira.

Kwa hiyo fanya hivi. Chungulia vichwa kila siku. Mbegu zikianza kuacha ukijani na kuelekea rangi ya kahawia, huku bado zimeshika, kata kichwa pamoja na kikonyo chake. Kitumbukize kikiwa kimeinama ndani ya mfuko wa karatasi, funga mdomo, ning'iniza mahali pakavu penye hewa. Zitamalizia kukauka humo na kudondokea mfukoni. Havikomai vyote siku moja, kwa hiyo usikate kimoja ukadhani kazi imekwisha. Huhitaji mbegu? Kata maua yangali ya manjano, mmea uendelee kukupa majani.

Hiyo miche mingine unayotaka kuipanda kati ya nyanya, usithubutu. Shamari hurefuka hadi mita 2, itazitia nyanya kivuli, na mzizi wake haupendi kuhamishwa, kwa hiyo ukikosea mahali leo, kesho huna pa kuipeleka. Ipe pembe yake yenye jua, au chombo chenye kina kirefu, na sia mbegu papo hapo itakapokaa.

Ile inayovimba chini kama kitunguu ni aina nyingine ya shamari, hiyo huvunwa kabla haijachanua. Maswali yako mengine, la chai ya shamari na la kuhifadhi majani, wengine watakujibu. Wewe kaangalie vichwa kwanza, na kama kuna kilichoanza kuwa kahawia, kikate leo kabla ya upepo wa jioni.