Je, ramani ya milima iliyofunikwa na barafu ni ya kukisia?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba chini ya barafu ya Antaktika imejificha safu ya milima inayolingana na Alps, na kwamba ramani yake ilichorwa kwa ndege. Ikiwa hakuna aliyeushika hata mwamba mmoja wa milima hiyo, wataalamu hawakisii tu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Milima hiyo ni ya Gamburtsev, iliyogunduliwa na msafara wa Kisovieti mwaka 1958 kwa kulipua baruti juu ya barafu na kupima mwangwi wake. Ramani kamili ilisubiri hadi msimu wa 2008 na 2009, ndege mbili ndogo za mradi wa mataifa saba ziliporuka kwa mistari sambamba, jumla ya kilomita zipatazo 120,000.

Rada ya ndege hutuma mawimbi ya redio chini. Barafu yenye baridi kali huyapitisha, mwamba huyarudisha. Na kwa kuwa mwendo wake ndani ya barafu unajulikana, takriban meta 168 kwa kila sehemu ya milioni ya sekunde, muda wa kwenda na kurudi hutosha kukokotoa kina. Kuhusu umbo la milima, basi, hakuna kukisia.

Rada, hata hivyo, haisemi mwamba ni wa aina gani. Kazi hiyo huachiwa kipimo cha usumaku, kinachotambua miamba yenye magnetiti (madini ya chuma yenye usumaku), na kipimo cha mvutano wa dunia, kinachoonyesha kama kilicho chini ni kizito au chepesi. Hiki cha mwisho ndicho kisumbufu zaidi, maana mtikisiko wa ndege huzidi kwa mbali tofauti inayotafutwa, na bila satelaiti kuonyesha ndege ilipo kila nukta, takwimu zake zisingefaa kitu.

Hapa ndipo shaka yako ina mashiko: vipimo vilevile vya usumaku vyaweza kuelezwa kwa mipangilio kadhaa ya miamba. Kwa hiyo wataalamu huanzia kwenye vilele vichache vinavyochomoza juu ya barafu, ambako jiwe linashikika, kisha huifuata alama yake ya usumaku linapozama. Katika Dronning Maud Land, eneo la Antaktika ya mashariki, baadhi ya miamba hiyo ni mwendelezo wa ukanda wa kale unaopita Msumbiji, Tanzania na Kenya, kwani nchi hizo na Antaktika zilikuwa sehemu za bara moja, Gondwana, lililoanza kupasuka miaka ipatayo milioni 180 iliyopita. Safu ya Uluguru, unayoiona kutoka hapo Morogoro, imo katika ukanda huohuo.