Kitimoto ya Kijapani kutoka ngumu na yenye chumvi: soya sosi isubiri

Mkuu, umesema ulitia vipande vya kitimoto, soya sosi, sukari na tangawizi sufuriani kwa pamoja, ukachemsha saa nzima, nyama ikatoka ngumu na mchuzi chumvi tupu. Kakuni, yaani hiyo kitimoto ya Kijapani ya kuchemsha taratibu, haipikwi kwa mkupuo mmoja. Naipika sana nyumbani, nitakueleza ninavyofanya.

Buchani omba nyama ya tumbo yenye ngozi, mafuta na mnofu vikiwa vimepishana. Steki haifai kabisa, maana ulaini wote unatokana na ngozi na nyuzi zinazoyeyuka taratibu. Kata vipande vya sentimita 5, vitasinyaa. Kaanga upande wa mafuta hadi uwe wa kahawia.

Kisha chemsha kwa maji, tangawizi na majani ya kitunguu basi. Chumvi hapana, soya hapana, zamu yake bado. Moto uwe mdogo, maji yatokote kwa mbali, saa 2 hivi. Choma kwa kijiti cha meno: kikizama chenyewe hadi chini, imeiva. Kikigoma, ongeza nusu saa, usione uvivu. Hapa ndipo kakuni inapopatikana au kukosekana. Ikipoa, iweke kwenye friji usiku kucha. Asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu, meupe. Yabandue kwa kijiko uyatunze, yanakaangia mboga vizuri mno.

Sasa viungo. Kwa kilo 1: supu ile ile nusu lita, sake (pombe ya mchele ya Kijapani) mililita 200, sukari vijiko 4 vya chakula. Sukari itangulie dakika 20, ndipo utie soya mililita 80, nusu kwanza, nusu baadaye. Kata foili duara, toboa katikati, ilaze juu ya nyama yenyewe ili mchuzi mchache ufike kote. Dakika 40 zinatosha. Mayai ya kuchemsha yaliyomenywa yatie mwishoni.

Nagasaki, bandari ya Japani iliyopokea wafanyabiashara wa Kichina karne nyingi, ndiyo inayosifika kwa kakuni, na asili yake ni China. Ila mimi napenda zaidi ile ya Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, iitwayo rafute, wanayoipika kwa pombe yao ya awamori na sukari nyeusi ya miwa. Sukari guru yetu inakaribiana nayo sana, na rangi yake kwenye ngozi inapendeza mno. Ukikosa sake, tia mvinyo mweupe usio mtamu. Kula na wali mweupe, haradali kali pembeni.