Maswali ya Wasomaji: Nansen, meli yake na chupa yake

SWALI: Meli ya utafiti Dr Fridtjof Nansen imewahi kupima samaki wa bahari yetu. Huyo Nansen alikuwa tabibu? Na maji ya kina cha mita 500 huchotwaje yasichanganyike na ya juu? – Msomaji, Mtwara

JIBU: Tabibu hakuwa. Nansen (1861–1930), Mnorwe, alipata shahada yake ya udaktari (ndiyo hiyo "Dr") mwaka 1888 kwa kuchunguza neva za viumbe vya baharini. Mwaka 1893 aliiacha meli yake Fram inaswe kwenye barafu ya Aktiki kwa makusudi, ichukuliwe nayo. Akaona barafu haiendi sawasawa na upepo, bali hukengeuka kuliani kwa nyuzi 20 hadi 40. Ekman, mwanasayansi Msweden, ndiye aliyepiga hesabu yake: ni mzunguko wa dunia. Kusini mwa ikweta hukengeuka kushoto.

Meli zenye jina lake zimekuwa tatu, ya kwanza ikianza kazi 1975, ya sasa 2017. Ile ya kwanza ndiyo iliyopima bahari ya Tanzania mwaka 1982 na 1983.

Sasa maji. Chupa ya Nansen ni bomba la chuma la lita moja na kidogo, lenye vali kila upande. Hufungwa kwenye waya ikiwa wazi pande zote mbili, kwa hiyo maji hupita tu ndani yake ikishuka. Ikifika, husubiriwa dakika 5 hadi 10 ili vipimajoto vilivyofungwa juu yake vitulie. Kisha uzito mdogo huachiwa uteremke kwenye waya, ugonge kitasa. Chupa inapinduka, vali zinajifunga, na uzi wa zebaki katika kipimajoto unakatika, joto la pale likabaki limeandikwa. Chupa kadhaa hufungwa kwenye waya mmoja, na kila moja huachia uzito mwingine kwa ya chini yake. Kwa hiyo moja ikikwama, zote za chini hurudi bure.

Kosa jingine ni waya kulala kwa mkondo: ukilala nyuzi 30, mita 1000 za waya ni kina cha mita 866 tu. Ndiyo maana huwekwa vipimajoto viwili, kimoja kikiwa na kinga dhidi ya mgandamizo wa maji. Kisicho na kinga hubanwa na maji na kuzidisha takriban nyuzi 1 kwa kila mita 100. Tofauti yao ndiyo huonyesha kina halisi.

Siku hizi chupa za plastiki hupangwa duara kuzunguka vipimo vya elektroniki na kufungwa kwa umeme, chombo kikipanda. Bado zinahitajika: kipimo cha elektroniki cha chumvi hupoteza usahihi polepole, na hugundulika tu maji yenyewe yakipimwa maabara.