Kuhusu wafalme wako wawili walionuna

Keko, Dar es Salaam

Mwanangu,

Hatujambo. Goti la mama yako limetulia, na lile dirisha la chumbani kwako lililokuwa linagonga usiku nimelitengeneza. Sasa nikujibu.

Jumamosi uliniuliza kwenye simu: "Baba, kati ya Thorin Oakenshield na Stannis Baratheon, wewe ungemfuata nani?" Nikasema Stannis. Ukapiga kelele, "Baba! Yule aliyemchoma mwanawe!" na simu ikakatika hapo hapo. Mpaka leo sijapata nafasi ya kumalizia sentensi yangu, na inanikera kama msumari ulioingia nusu. Kuandika kwenye simu siwezi, vidole vyangu vinabonyeza herufi mbili mbili. Ndiyo maana nimeandika kwenye karatasi, mtoto wa jirani ataipiga picha akutumie.

Kwanza ujue kwamba nimesoma. Vitabu ulivyoviacha kwenye sanduku nilidhani vitaliwa na mchwa, kumbe vimenila mimi. Kile cha mbilikimo Thorin, The Hobbit, nimekimaliza mara mbili. Vile vitano vinene vya Stannis, A Song of Ice and Fire, vilivyotolewa tamthilia ya Game of Thrones, nakiri, niliruka kurasa nyingi za watu wengine nikawa natafuta tu jina la Davos, mtu wa karibu wa Stannis.

Wote wawili wamedhulumiwa, hapo hatubishani. Thorin alikuwa kijana wa miaka 24 joka Smaug lilipouvamia mlima wa babu yake, mwaka 2770 wa kalenda yao. Akaishi ugenini miaka 171 ndipo akarudi kuudai, yeye na wenzake kumi na wawili na yule hobiti Bilbo, mmoja wa wale watu wafupi wa hadithini. Stannis naye, kaka yake mfalme Robert amekufa, na watoto wanaoitwa wa Robert ni wa malkia aliozaa na pacha wake mwenyewe. Kisheria kiti ni cha Stannis. Lakini hakuna anayemtaka. Hata mdogo wake Renly amejivika taji na kukusanya jeshi kubwa kuliko lake.

Usidhani hayo ni mambo ya hadithi za mbali tu. Mji huu ninaokuandikia uliponea chupuchupu kufa kwa ugomvi wa ndugu. Sultani Said alipofariki mwaka 1856, Majid akashika Zanzibar, na mwaka 1859 mdogo wake Barghash akajaribu kumpindua, akaishia kupelekwa Bombay. Baadaye Majid akaanza kujenga hapa Dar es Salaam. Akafa mwaka 1870, Barghash akatawala, na majengo ya kaka yake yakaachwa yaote majani. Kila nikipita maeneo ya bandarini namfikiria Renly na Stannis.

Tukirudi kwa wako. Wewe unawaweka kwenye kapu moja kwa sababu wote wamekunja ndita. Hilo umelipata kwenye filamu ya mwaka 2012, ambamo Richard Armitage amenuna tangu mwanzo mpaka mwisho, na amependeza, sikatai, hata mama yako alisema. Kwenye kitabu cha mwaka 1937 Thorin siye huyo kabisa. Anafika nyumbani kwa Bilbo amevaa kofia ya rangi ya samawati yenye kishada cha fedha, mlango unafunguliwa ghafla, anaanguka kwenye mkeka wa mlangoni na yule mnene Bombur anamwangukia juu. Halafu anapiga kinubi cha dhahabu. Halafu anahutubia, na akihutubia haishi, kama mgeni rasmi kwenye harusi. Ni mzee mwenye majivuno na maneno mengi. Kununa hasa, kule kwa kukaa peke yake na kuhesabu na kutomwamini mtu, kulimpata alipoiona dhahabu ya babu yake. Kwake yeye ni homa iliyompata ukubwani.

Tena kuna jambo lake moja lililonichoma. Anamsimulia Bilbo jinsi walivyohangaika baada ya kufukuzwa, kwamba ilibidi wakati mwingine wajishushe mpaka kufua vyuma, hata kuchimba makaa ya mawe. Wajishushe! Nilifunga kitabu nikatoka nje. Mimi nimewasomesha watatu kwa randa na msumeno hapa Keko, na sikuona niliposhuka. Nilimsamehe nilipofika kwenye habari ya jina lake: ngao yake ilivunjika vitani, akakata tawi la mwaloni kwa shoka akapigana akiwa ameshika hilo. Fundi mbao hawezi kumchukia mtu wa namna hiyo. Ila angepata tawi la mkongo angekuwa salama zaidi.

Stannis kwake siyo homa, amekua nayo. Wazazi wake walizama baharini, chombo kikivunjika mbele ya ngome yao wenyewe, yeye na Robert wakitazama kutoka juu. Na kuna habari ya ndege, sijui kama uliipitia kwa makini. Akiwa mtoto aliokota kipanga aliyeumia, akamuuguza, akamwita Proudwing. Yule ndege akawa anakaa begani kwake, anamfuata chumba hadi chumba, anakula mkononi. Lakini kuruka juu akagoma. Hakuwahi kupita vilele vya miti. Robert mwenye ndege hodari akamcheka, akambatiza jina la kumdhihaki. Mwisho mzee mmoja wa familia akamwambia Stannis amwache, atafute ndege mwingine, huyu anamwaibisha. Akamwacha.

Nilipofika hapo nilimwelewa mtu mzima wote. Thorin ana nyumbani anapopakumbuka, ana nyimbo za kwao, ana watu kumi na wawili wanaojua maneno ya nyimbo hizo. Anataka kurudi. Stannis hana pa kurudi. Anachodai ni kile kilichoandikwa kwenye sheria, kwa sababu kilichoandikwa ndicho kitu pekee ambacho hakijawahi kumcheka.

Sasa nije kwenye jibu lenyewe. Umewahi kugundua kwamba hakuna hata mmoja wao tunayeingia kichwani mwake? Thorin tunamwona zaidi kwa macho ya Bilbo. Stannis hana sura hata moja iliyoandikwa kwa upande wake, tunamtazama zaidi kupitia Davos. Na hao watazamaji kazi zao ni zipi? Bilbo amechukuliwa safari kwa kazi ya wizi, na mkataba wa kulipwa fungu moja kati ya kumi na manne. Davos ni mtu wa magendo. Kila mfalme, kati ya watu wake wote, aliyemwambia ukweli ni mwizi.

Na kila mmoja alimsaliti mfalme wake kwa faida ya mfalme huyo huyo.

Bilbo alificha lile jiwe la Arkenstone, ambalo Thorin alilitaka kuliko milki yote. Watu wa mji wa ziwani walikuwa wamechomewa nyumba na joka, wakaja na Bard aliyeliua kudai fungu lao. Thorin akasema hazungumzi na watu wenye silaha mlangoni kwake. Hapo, kwa haki, simlaumu sana, nani hupenda kugongewa mlango kwa rungu? Lakini wale watu walikuwa na njaa, na ndani kuna dhahabu ya kujaza uwanja. Bilbo akatoka usiku akampa Bard lile jiwe ili wapatane. Thorin alipojua alimkamata akamtikisa, akataka kumtupa chini kwenye mawe. Mchawi Gandalf ndiye aliyemzuia.

Davos naye: Stannis alikuwa anashawishiwa na Melisandre, kuhani wake wa kike, amchome mtoto wa nje wa Robert, kijana Edric, ati damu ya kifalme iamshe majoka ya mawe. Davos akampakia mtoto kwenye jahazi usiku akamtorosha. Halafu, na hapa ndipo ninapompenda, hakukimbia. Akaenda akasimama mbele ya mfalme aliyeshika upanga, akatoa barua ya walinzi wa Ukuta wa kaskazini walioomba msaada, akaisoma kwa sauti. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani.

Stannis hakumuua. Alipanda meli akaenda kaskazini, yeye peke yake kati ya wafalme wote walioandikiwa. Na baadaye akasema kwa kinywa chake kwamba Davos alimkumbusha wajibu wake wakati yeye alikuwa anawaza haki zake tu. Kwamba alikuwa anatafuta kiti ili aiokoe nchi, kumbe alitakiwa aiokoe nchi ndipo apate kiti.

Thorin alisema maneno mazuri kuliko hayo. Alimwomba Bilbo radhi, akayafuta aliyoyasema getini, akasifu chakula na furaha na nyimbo kuliko dhahabu iliyolundikwa. Wewe uliniambia ulilia. Lakini aliyasema akiwa amelala na majeraha, anakufa. Wakamzika na lile jiwe kifuani.

Mwanangu, mimi msamaha wa kitandani nimeuona kwa macho, ndiyo sababu hauniliza. Babu yako na mdogo wake hawakusemeshana miaka kumi na moja kwa ajili ya ile nyumba ya Magomeni. Babu yako ndiye aliyekuwa na haki, karatasi zote zilikuwa kwake, na alikuwa anapita mbele ya baraza la mdogo wake ameangalia mbele kama askari wa gwaride. Siku ya mwisho asubuhi akaagiza aitwe. Wakashikana mikono, wakasameheana, watu wakalia. Saa tisa alasiri akafa. Wote waliokuwepo walisema ni jambo zuri, na kweli zuri. Lakini kwenye matanga nilikaa na babu yako mdogo mkeka mmoja, akaniambia, "Baba yako amenipa funguo za nyumba aliyokwisha kuiuza." Mpaka naye anakufa sikumsikia akitaja ule msamaha tena.

Kwa hiyo Stannis. Aligeuka akiwa hai, ana nguvu, ana upanga mkononi na hakuna aliyemlazimisha. Ni mgumu, hana shukrani, anasaga meno hata akila. Alipozingirwa mwaka mzima kwenye ngome, watu wakila farasi, paka na panya, Davos akapenya usiku na shehena ya vitunguu na samaki akawaokoa. Stannis akampa ardhi na cheo kwa vitunguu, na akamkata ncha za vidole vinne kwa magendo ya nyuma. Jema na malipo yake, baya na malipo yake, hakuna kufutana. Davos akakubali kwa sharti moja, kwamba Stannis akate kwa mkono wake mwenyewe. Akakata. Kisha Davos akavihifadhi vile vifupa kwenye kifuko shingoni, eti vina bahati. Kidole changu kilichobebwa na msumeno wa umeme kilipotelea kwenye maranda na sikukitafuta.

Sasa kelele yako. Yule mtoto, Shireen. Kwenye tamthilia, mwaka 2015, alichomwa kweli. Kwenye vitabu, mpaka cha tano cha mwaka 2011, bado yuko hai. Ningeweza kujificha hapo na kukuambia Stannis wangu ni wa vitabuni. Lakini hata wa vitabuni amechoma watu, pamoja na ndugu wa baba mkwe wake, na alikuwa tayari kumchoma mtoto wa kaka yake laiti Davos asingekuwa na jahazi. Ile sehemu ya tamthilia nilianza kuitazama kwenye kompyuta yako. Mtoto alipoanza kumwita baba yake nilifunga kompyuta nikatoka kukaa barazani, mama yako akauliza kama nimekula kitu kibaya.

Nililotaka kusema kabla simu haijakatika ni hili: Stannis, ilimradi Davos yupo. Kwenye tamthilia walipomfikia yule mtoto, Davos alikuwa ametumwa mbali. Stannis mwenyewe ndiye aliyemtuma. Nikiwa fundi ningemfanyia kazi, maana najua angelipa kila ubao na angenifokea kwa kila ufa. Lakini wewe nisingekuacha ulale chini ya paa lake, hata usiku mmoja. Thorin ningekuacha kwake mwaka mzima, angekuimbia, tatizo ni siku ambayo ungegusa jiwe lake.

Ukiona jibu hilo ni nusu nusu, njoo tubishane ana kwa ana. Kutoka Dodoma panda treni ya SGR, usije na basi la usiku. Kitabu cha tano kimeng'oka jalada, nimeligundisha kwa gundi ya mbao, halitang'oka tena lakini na kufunguka vizuri halifunguki. Na usije mikono mitupu, vitunguu vya huku vimepanda bei. Beba vya Singida, debe moja.

Baba yako